Glukosi mwilini, wodini na kiwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi maabara ya hospitali, na kipimo ninachokifanya kuliko vyote ni cha sukari ya damu. Watu wanaleta karatasi ya daktari, wananyoosha kidole, na tukiwa tunasubiri majibu wanauliza. Haya hapa ni maswali yao, na majibu marefu kuliko yale ninayoweza kuyatoa dirishani foleni ikiwa imefika mlangoni. Mwenye dalili asisubiri kumaliza kusoma. Aende kituo cha afya.

Glukosi ndiyo hiyo sukari tunayotia kwenye chai?

Ni nusu yake. Sukari ya chai inaitwa sukrosi, na kila molekuli yake ni glukosi moja iliyoshikana na fruktosi moja. Utumbo huzitenganisha kabla ya kuzipitisha kwenye damu. Glukosi yenyewe ni sukari sahili: kaboni 6, hidrojeni 12, oksijeni 6. Mwanakemia Andreas Marggraf wa Berlin aliipata ndani ya zabibu kavu mwaka 1747. Jina lake lilikuja baadaye, mwaka 1838, kutokana na neno la Kigiriki linalohusu utamu wa divai changa. Aliyefumbua jinsi atomu zake zilivyopangika ni Emil Fischer wa Ujerumani, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902.

Jani la mmea huitengeneza kwa maji, hewa ya ukaa na mwanga wa jua, halafu huziunga glukosi nyingi kuwa mnyororo. Wanga wa ugali ni mnyororo wa glukosi. Pamba ya kanga nayo ni mnyororo wa glukosi, na sehemu kubwa ya ubao wa mlango ni hiyohiyo. Kinachotofautisha ni namna pingili zilivyofungwa. Vimeng'enya vyetu vinajua kufungua fundo la wanga, ila fundo la pamba vinalishindwa. Ng'ombe na mchwa wanaliweza kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi matumboni mwao. Ndiyo maana ng'ombe hunenepa kwa mabua ambayo sisi hatuwezi kuyala.

Damu yangu yote ina glukosi kiasi gani?

Kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na kwa mtu mwenye afya ambaye hajala, glukosi iliyomo ndani ya damu hiyo yote ni gramu 4 hadi 5. Nikiwaambia watu hivi wananiangalia kama nimekosea hesabu. Lakini ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 kwa siku. Maana yake kijiko hicho kinatumika na kujazwa upya mchana na usiku, hata ukiwa umelala.

Anayekijaza usiku ni ini. Mfaransa Claude Bernard, katikati ya karne ya 19, aliwapima mbwa waliokula nyama tupu na akakuta damu inayotoka kwenye ini ina sukari. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba wanyama hawatengenezi sukari, wanaipata kwa mimea tu. Mwaka 1857 Bernard alieleza ghala lenyewe: glaikojeni, yaani glukosi iliyofungwa mafungu ndani ya ini. Ini la mtu mzima aliyeshiba huweka takriban gramu 100, na misuli huweka mara kadhaa ya hizo, ingawa glukosi ya misuli haitoki kwenda kwingine, hutumika hapohapo.

Sasa weka chupa ya soda ya kola ya mililita 350 kando ya kijiko hicho. Nyingi zina zaidi ya gramu 30 za sukari, na zinateremka ndani ya dakika chache. Kongosho linapaswa kumwaga insulini ya kutosha ili ini, misuli na mafuta vifungue milango na kuipokea. Mwenye afya hufanikiwa. Mwenye kisukari hubaki na mafuriko ndani ya mishipa, na kwa miaka mingi mafuriko hayo huharibu macho, figo, neva za miguu na moyo.

Namba zipi ni za kawaida?

Kwa mtu ambaye hajala chochote kwa angalau saa 8, kuanzia milimoli 7.0 kwa lita ni kisukari. Shirika la Afya Duniani huita 6.1 hadi 6.9 hali ya tahadhari. Ukinywa gramu 75 za glukosi kwa ajili ya kipimo maalumu, saa 2 baadaye kuanzia 11.1 ni kisukari pia. Kushuka chini ya 3.9 kwa mtu anayetumia dawa za kisukari ni dalili ya kula kitu kitamu mara moja, na chini ya 3.0 ni hatari. Asiye na dalili haandikiwi kisukari kwa kipimo kimoja. Tunarudia siku nyingine.

Ndugu yangu aliye Marekani anasema sukari yake ni 126. Mbona bado anaishi?

Kwa sababu wao wanahesabu kwa miligramu ndani ya desilita. Gawanya kwa 18. 126 yake ni 7.0 yetu. Baadhi ya mashine za nyumbani zinaweza kuwekwa kwenye kipimo chochote kati ya hivyo viwili, kwa hiyo ukinunuliwa mashine kutoka nje, angalia maandishi madogo pembeni mwa namba kabla ya kushtuka au kufurahi.

Mashine ya nyumbani inasema 14, maabara inasema 7. Nani mwongo?

Huenda ni embe. Nasema kweli. Kijiti cha kipimo kina kimeng'enya kinachotambua glukosi, na hakijali kama glukosi hiyo imetoka kwenye damu au kwenye ngozi. Tone la damu ni dogo mno. Ukimenya chungwa au embe, ukajifuta tu kwenye kitenge, kisha ukajichoma, utamu uliobaki kidoleni unaingia kwenye tone na namba inaruka. Kufuta kwa pamba ya spiriti hakutoshi kila mara. Nawa kwa sabuni na maji, kausha kabisa, ndipo uchome pembeni mwa kidole. Kwenye ncha kunauma zaidi.

Lakini hata maabara inaweza kukosea, na upande wa pili. Seli nyekundu zikiwa ndani ya chupa zinaendelea kuishi na kula. Damu ikikaa kwenye joto la kawaida bila kutenganishwa, glukosi hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Niliwahi kuletewa boksi la sampuli zilizochukuliwa asubuhi kwenye kituo cha mbali, gari likafika alasiri. Namba zote zilikuwa nzuri mno: mama mmoja mwenye mkojo uliojaa sukari alisomeka kana kwamba hana tatizo. Tulizitupa tukaomba warudiwe. Mpaka leo najiuliza ni wangapi kabla ya hapo walirudishwa nyumbani na majibu mazuri ya uongo. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ina floridi ya kuzuia ulaji huo, ila nayo huchelewa saa moja au mbili kabla ya kufanya kazi sawasawa. Dawa ya kweli ni kuharakisha, au kuweka kwenye barafu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza damu yake itapimwa saa ngapi.

Nini kiliwezesha mashine hizi ndogo?

Kimeng'enya cha ukungu mweusi, jamaa wa ule unaoota kwenye vitunguu vilivyokaa ghalani. Leland Clark wa Marekani mwaka 1962 alieleza jinsi ya kukibandika juu ya kihisi cha umeme: kimeng'enya kinaunguza glukosi, kihisi kinasoma mabadiliko, namba inatokea. Vihisi vya siku hizi vinavyobandikwa mkononi kwa wiki mbili vimetokana na wazo hilohilo. Ni msaada mkubwa. Bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi za huku kwetu, na mpaka ishuke, vijiti vichache vinavyotumiwa kwa mpango vina faida kuliko mashine nzuri iliyofungiwa kabatini.

Kuna kipimo cha miezi mitatu. Hicho hakidanganyi?

HbA1c hupima glukosi iliyojibandika kwenye himoglobini, yaani protini nyekundu ya damu, na kwa kuwa seli nyekundu huishi takriban siku 120, jibu linaonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Mzee aliyefunga kula siku mbili tu kabla ya kliniki hawezi kukificha kitu hapa.

Ila kipimo hiki kinategemea seli nyekundu zimalize umri wake, na hapo ndipo Afrika inapohitaji uangalifu. Mwenye selimundu ana seli zinazokufa mapema, kwa hiyo HbA1c yake husomeka chini kuliko ukweli. Utafiti uliofanywa kwa Wamarekani weusi na kutolewa 2017 ulikuta kwamba hata wale wenye kirithi kimoja tu cha selimundu, wasioumwa, husomeka chini kidogo. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha jambo lilelile kwa wenye upungufu wa G6PD. Hiki ni kimeng'enya kinachoshughulikia glukosi ndani ya seli nyekundu ili zisiharibiwe, na upungufu wake si haba katika ukanda wetu wa malaria, ikiwemo pwani. Mweleze daktari kama kwenu kuna selimundu. Anaweza kuchagua kipimo kingine.

Kula sukari nyingi ndiko kunakoleta kisukari?

Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na sukari. Kinga ya mwili hushambulia kongosho, na mtoto anaweza kuugua hata kama nyumbani hakuna soda. Tafadhali tuache kuwalaumu mama zao. Cha aina ya pili kina mambo mengi: urithi, uzito wa tumboni, kukaa bila kutembea, vyakula vilivyokobolewa, na vinywaji vitamu vina nafasi yao ndani ya orodha hiyo.

Tanzania ina kumbukumbu nzuri kuhusu hili. Profesa Donald McLarty na wenzake waliwapima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita, wakatoa matokeo mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili hazikufanana kwa kila kitu, wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu. Hata hivyo pengo ni kubwa kiasi kwamba siwezi kulipita kimya.

Bibi yangu ana kisukari na anapenda kiporo. Kinamfaa?

Wali au ugali ukipikwa kisha ukapoa kabisa, sehemu ya wanga hujikunja upya kuwa umbo ambalo vimeng'enya vya utumbo haviwezi kulimega kwa urahisi. Glukosi huingia kwenye damu polepole kidogo. Faida hiyo ipo, ila ni ndogo, na haifuti ukubwa wa sahani. Wali uliolala mezani usiku kucha, tena Dar es Salaam au Mombasa yenye joto, hukuza bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Kama kuna friji, upoe haraka na uwekwe humo. Kama hakuna, bibi apikiwe kidogo, aongezewe maharage, kunde au mchicha, na ugali wake uwe wa dona. Maharage kando ya ugali yatamsaidia kuliko ujanja wowote wa kiporo.

Asali yangu imeganda. Wamechanganya sukari?

Kuganda hakuthibitishi hivyo. Asali ina fruktosi na glukosi, na glukosi ndiyo isiyoyeyuka sana majini, kwa hiyo hujitenga na kufanya punje. Asali ya maua yenye glukosi nyingi huganda mapema ikiwa halisi kabisa. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Na kwa mgonjwa wa kisukari, asali ni sukari.

Nikifunga Ramadhani nikajipima, saumu inabatilika?

Wanazuoni wengi wanasema kuchoma kidole hakubatilishi, na miongozo ya kitabibu ya Ramadhani inasisitiza wagonjwa wapime mchana. Ikiwa chini ya 3.9, au juu ya 16.6, fungua siku hiyohiyo, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Anayetumia insulini amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu dozi hubadilishwa. Tende moja hadi tatu za kufuturia zinatosha. Shida kubwa ninayoiona ni tambi za sukari, kaimati na juisi kwa pamoja, saa moja baadaye.

Poda ya glukosi ya kopo inaongeza nguvu? Na dripu je?

Poda hiyo inaongeza sukari, basi. Kama hujala na unatetemeka, itakusaidia kwa sababu haihitaji kumeng'enywa. Kama umekula, mwili una ghala lake, na poda ni kalori za ziada. Haitibu malaria wala uchovu wa upungufu wa damu. Nawahurumia sana kina mama wajawazito wanaonunuliwa kopo baada ya kopo wakati wanachohitaji ni madini ya chuma na kipimo cha damu.

Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 kwa lita, yaani kalori 200 hivi. Hizo ni sawa na gramu 55 za unga wa mahindi. Wapo wanaolipa fedha nyingi wakatundikiwa chupa ili "wapate nguvu", halafu wanarudi nyumbani na njaa. Dripu ni ya asiyeweza kula, aliyeshukiwa na sukari, au mwenye sababu ambayo daktari ameipima.

Kwa nini maji ya kuharisha yana glukosi? Si chumvi na maji vingetosha?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake limeokoa mamilioni ya watoto.

Mtoto anayeharisha sana hupoteza maji na chumvi. Ukimpa maji matupu yanapita. Ukimpa maji ya chumvi, yanapita. Ilionekana kana kwamba utumbo umefungwa na njia pekee ni mshipa. Kumbe utumbo una mlango unaohitaji funguo mbili kwa wakati mmoja: sodiamu na glukosi. Robert Crane alieleza mlango huo kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague mwaka 1960. Vikija viwili pamoja mlango unafunguka, vinaingia, na maji yanavifuata. La ajabu ni kwamba kipindupindu, pamoja na ukali wake wote, hakiuharibu mlango huo.

Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa mchanganyiko huo. Lakini walikuwa hospitalini, chini ya uangalizi. Jaribio la kweli likaja mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Wakimbizi kwa mamilioni walivuka kuingia India, kipindupindu kikaingia kambini, na pale Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliona chupa za dripu zinamwishia huku wagonjwa wamelala sakafuni. Akaamua. Glukosi gramu 22, chumvi ya mezani gramu 3.5, magadi ya kuokea gramu 2.5, lita moja ya maji. Wakayaweka kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa ndio waliokuwa wanachota na kunywesha. Kabla ya hapo vifo kambini vilikuwa karibu asilimia 30. Kwa waliotibiwa hivyo, vilishuka mpaka asilimia 3.6. Mwaka 1978 jarida la The Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa mlango huo huenda ndio ulikuwa maendeleo makubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile.

Pakiti ya leo imepunguzwa makali. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanapendekeza glukosi gramu 13.5 kwa lita, maana sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni na kuhara kunaongezeka. Kwa hiyo soda na juisi si mbadala. Kama pakiti haipo: vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, lita moja ya maji safi. Onja. Isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena. Endelea kunyonyesha, na uombe vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akilegea, macho yakidumbukia, au asipokojoa, mpeleke hospitali, usisubiri nyumbani.

Mtoto ana malaria na amepata degedege. Sukari inahusikaje?

Inahusika sana. Vimelea vya malaria ndani ya seli nyekundu hula glukosi mara nyingi zaidi ya seli isiyo na vimelea. Mtoto naye hajala tangu jana, ini lake dogo limeishiwa ghala. Kwinini, dawa ya zamani, ilikuwa inaongeza tatizo kwa kuchochea kongosho litoe insulini. Sukari ikishuka chini ya 2.2 kwa mtoto mwenye malaria, hiyo ni malaria kali, na degedege au kupoteza fahamu kunaweza kuwa ni njaa ya ubongo. Ndiyo maana mtoto aliyezimia anapimwa sukari kabla hata ya kuandikwa faili.

Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulilinganisha kwinini na artesuneti ya sindano. Waliofariki walikuwa asilimia 10.9 kwa kwinini na 8.5 kwa artesuneti. Kushuka kwa sukari baada ya kuanza tiba nako kulikuwa kuchache kwa artesuneti. Hapo ndipo wodi zetu zilipobadilika.

Kama mko zahanati isiyo na dripu au mko njiani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu hivi: kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilowanishwe kwa tone moja au mawili ya maji, kiwekwe chini ya ulimi, kirudiwe kila dakika 20 mpaka mfike. Msimmiminie uji wala maji mtoto aliyezimia, yatamwingia mapafuni. Safari isicheleweshwe hata kidogo.

Ni kweli sukari hulisha saratani?

Otto Warburg aliona miaka ya 1920 kwamba seli za uvimbe hutumia glukosi kwa pupa. Tiba ya leo hutumia tabia hiyo: mgonjwa hudungwa glukosi iliyotiwa floridi yenye mionzi, inayopungua nusu kila baada ya dakika 110, na mashine ya PET huonyesha mahali ilikojikusanya. Nairobi huduma hiyo ipo. Lakini kuacha kula wanga hakuui uvimbe kwa njaa, kwa sababu ini litaendelea kutengeneza glukosi hata kwa kumega misuli yako. Mgonjwa wa saratani anayepungua kilo anahitaji chakula. Wanaomwambia aache uji wanamwumiza.

Viwandani glukosi hutoka wapi na hufanya nini?

Ukitaka kuelewa kiwanda, tazama anayetengeneza togwa. Anapika uji mzito wa mahindi, anauacha upoe mpaka kidole kivumilie, kisha anatia kimea cha ulezi na kukoroga. Ndani ya dakika chache mwiko unakuwa mwepesi. Uji uliokuwa unashika kama gundi unamiminika, na ukiuonja umekuwa mtamu, ingawa hakuna aliyetia sukari. Vimeng'enya vya mbegu iliyoota vimekata minyororo ya wanga kuwa sukari. Akitia kimea uji ukiwa unachemka, vimeng'enya vinakufa na togwa haliji. Kesho yake bakteria wa maziwa wanakula sehemu ya sukari hiyo na ladha inakuwa chachu. Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walionyesha mwaka 1994, kwa watoto wa vijijini Tanzania, kwamba waliokuwa wanakula uji wa namna hii waliharisha mara chache zaidi.

Kiwanda hufanya kazi hiyohiyo kwa wanga wa mahindi au muhogo. Mwaka 1811, sukari ya miwa ikiwa adimu Ulaya kwa ajili ya vita vya Napoleon, Gottlieb Kirchhoff aliuchemsha wanga na asidi huko St. Petersburg akapata maji matamu. Leo asidi imeachia nafasi vimeng'enya. Uji mzito wa glukosi unaotoka humo ndio unaozuia pipi isifanye punje na keki isikauke. Ukiongezewa hidrojeni unakuwa sobitoli, iliyomo kwenye dawa ya meno, na sobitoli ndiyo mwanzo wa vitamini C ya viwandani. Ukilishwa ukungu mweusi unatoa asidi ya sitriki ya kwenye juisi, njia iliyogunduliwa na James Currie mwaka 1917. Kuna hata plastiki inayotoka humo. Muhogo wetu unaweza kufanya haya yote, na inaniuma kuona nchi zinazoulima kwa wingi hivi zikinunua wanga kutoka nje.

Insulini inatengenezwaje, na nifanyeje kama sina friji?

Ilianzia Toronto mwaka 1921 kwa Frederick Banting, Charles Best, James Collip na J.J.R. Macleod. Mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa Januari 11, 1922, dawa ikiwa bado chafu. Collip akaisafisha, na sindano za Januari 23 zikamfufua. Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hati ya ugunduzi kwa dola moja kila mmoja, ili isigeuzwe mali ya mtu. Miaka mingi ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu 1982 inapatikana ile inayozalishwa na bakteria waliowekewa kirithi cha binadamu, na bakteria hao ndani ya matangi yao hulishwa glukosi.

Kuhusu friji, kuna habari njema iliyotoka hapahapa kwetu. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Likapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakaiweka insulini kwenye joto hilohilo kwa wiki nne, na matokeo yaliyotoka 2021 yakaonyesha nguvu yake ilibaki ileile. Kwa hiyo chupa uliyoifungua unaweza kukaa nayo nyumbani muda huo. Iweke kwenye chombo kikavu ndani ya mtungi wa udongo uliowekewa maji kidogo pembeni, kivulini, mbali na jiko na dirisha la jua. Usiiweke karibu na barafu, kwa kuwa ikiganda imeharibika. Andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu kwenye karatasi ya chupa. Ile ya wazi kama maji ikiwa na ukungu au vipande, irudishe kliniki.